Kupanua Mfupa wa Taya la Juu kwa Ajili ya Kipandikizi cha Jino: Mwongozo Kamili kwa Daktari wa Meno

Mgonjwa aliyeng'olewa jino la mbele la juu miaka mitatu iliyopita anapoketi kwenye kiti chako leo, mfupa utakaoukuta si ule ulioachwa siku ile. Ukuta wa upande wa mdomo, ambao kwenye meno ya mbele mara nyingi haufiki hata unene wa milimita 1, ulitegemea jino kwa sehemu kubwa ya damu yake. Jino likiondoka ukuta huo hunywea, na ndani ya mwaka wa kwanza ukingo wa taya huweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, sehemu kubwa ya hasara hiyo ikitokea katika miezi 3 ya mwanzo. Urefu wa mfupa mara nyingi hubaki wa kutosha. Upana ndio unaokosekana.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayoshika nafasi ya mzizi wa jino, chenye kipenyo cha milimita 3.75 kinahitaji mfupa usiopungua milimita 1.5 kila upande, na upande wa mdomo ni heri ziwe 2. Ukingo wa milimita 4 hautoshi, na ukiuchimba kwa drili za kawaida hadi kipimo cha mwisho utakuwa umeusaga mfupa uleule uliokuwa haba. Unaweza kuchukua kipande cha mfupa kutoka mahali pengine mwilini, ukakipandikiza, ukangoja miezi 4 hadi 6, kisha ukarudi kwa upasuaji wa pili. Au unaweza kuutenganisha taratibu ukuta wa mdomoni na ule wa kaakaani, ukaweka kipandikizi katikati yao siku hiyohiyo. Drili hula mfupa, lakini skrubu ya kupanulia huusogeza kando na kuushindilia. Kwa mgonjwa anayekuja Kampala kutoka Arua, safari ya karibu kilomita 500, upasuaji mmoja badala ya miwili humpunguzia nauli, siku za kazi na maumivu.

Tangu daktari Brånemark alipomwekea mgonjwa wake wa kwanza vipandikizi vya titani kule Sweden mwaka 1965, tatizo la mfupa mwembamba limetafutiwa dawa kwa namna nyingi. Tatum wa Marekani alikuwa miongoni mwa watangulizi wa kupanua ukingo. Simion na wenzake wa Italia walieleza mwaka 1992 namna ya kuupasua ukingo katikati na kuweka kipandikizi papo hapo. Summers akaeleza mwaka 1994 matumizi ya vyuma vya mviringo vinavyogongwa kwa nyundo, yaani osteotomu. Skrubu za kupanulia, ambazo ndizo nitakazozieleza kwa kirefu, zilikuja kupunguza ugongaji huo.

Mbinu hizi zinafaa taya la juu kwa sababu ya maumbile yake. Ganda la nje la mfupa wake ni jembamba, na ndani mna mfupa wa sponji uliojaa matundu na damu, ule ambao katika mpangilio wa Lekholm na Zarb wa mwaka 1985, unaoanzia mfupa mgumu wa daraja la 1 hadi laini wa daraja la 4, huwa daraja la 3 au la 4. Mfupa wa namna hii hukubali kusukumwa kama mti mbichi unavyokubali kupindwa: ukiupa muda, hulegea na kufuata, ukiulazimisha, huvunjika. Taya la chini, lenye ganda nene na gumu, halina subira hiyo, na sishauri mtu alijaribie skrubu hizi kwa mazoea aliyoyapata juu.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kwa madaktari wanaoanza kazi hii ni haraka. Wanajua ukubwa wa kila skrubu na wanajua mpangilio wake, lakini hawajui kungoja. Kungoja ndiyo mbinu yenyewe.

Kumchagua mgonjwa na kuupima mfupa

Piga picha ya CBCT, ile inayoonyesha taya kwa pande zote tatu, kabla ya kumwahidi mgonjwa chochote. Picha bapa ya kawaida inaonyesha urefu na kuficha upana, na kidole kinachopapasa ufizi hudanganywa na unene wa nyama. Katika kila kipande cha picha pima upana kwenye kilele cha ukingo, kisha milimita 3 kutoka hapo kuelekea puani, kisha milimita 6. Andika vipimo vyote kwenye faili, kwa maana utavihitaji tena.

Upana wa milimita 4 hadi 5 ndio unaofaa zaidi kwa skrubu za kupanulia. Milimita 3 ndio mpaka wa chini, na hapo ukingo hupasuliwa kwanza kabla ya kupanuliwa. Chini ya milimita 3 usijaribu. Hata hivyo upana peke yake hautoshi kukupa uamuzi: tazama kama kati ya kuta mbili pana mfupa wa sponji wa angalau milimita 1. Kuta zikiwa zimegusana bila sponji katikati, hakuna kitakachopanuka, kwa sababu umebaki na ubao mmoja mgumu. Tazama pia umbo. Ukingo unaopanuka kadiri unavyopanda kuelekea puani ni rafiki wa kazi hii. Ule wenye bonde upande wa mdomo, mwembamba katikati kama kiuno cha kibuyu, utatoboka bondeni wakati wewe unaangalia kilele. Urefu uwe milimita 10 au zaidi. Eneo la gego dogo la pili, pima umbali wa sakafu ya sinasi, uwazi wenye hewa ulio juu ya magego. Katikati ya meno ya mbele, tafuta mfereji wa neva ulio nyuma yake.

Upanuzi huongeza upana wala hauongezi urefu. Aliyepoteza vyote viwili anahitaji matibabu mengine, na ni haki yake kuambiwa hivyo siku ya kwanza.

Kwa upande wa afya ya mwili, mwenye kisukari apimwe HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi michache iliyopita, na mimi siendelei ikizidi asilimia 8. Mgonjwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, anayemeza dawa zake vizuri na ambaye virusi vyake vimefifishwa, si wa kunyimwa kipandikizi, na inasikitisha kwamba bado wapo wanaogeuzwa mlangoni kwa sababu hiyo tu. Aliyechomwa sindano za kuimarisha mifupa kwa ajili ya saratani asifanyiwe. Mvutaji sigara aambiwe ukweli kwamba uwezekano wa kipandikizi chake kushindwa ni mkubwa zaidi, na aombwe aache kabla ya upasuaji na katika kipindi chote cha kupona.

Kuna swali moja linalosahaulika. Utando wa kolajeni unaofunika mfupa, na chembe za mfupa zinazojazwa kwenye pengo, vingi hutokana na wanyama, na baadhi ya tando hutoka kwa nguruwe. Wagonjwa wengi ninaozungumza nao Kiswahili ni Waislamu. Muulize mgonjwa mapema, agiza utando wa ng'ombe ikihitajika, na uandike jibu lake katika fomu ya ridhaa. Ukikaribia mwezi wa Ramadhani, mwambie pia kwamba dawa za wiki ya kwanza ni za kumezwa mchana, ili achague tarehe akijua.

Siku ya upasuaji

Umeme ni sehemu ya maandalizi. Mashine ya drili na ile ya piezo, inayokata mfupa kwa mitetemo, ziunganishwe kwenye betri ya akiba inayoweza kuziendesha kwa nusu saa, kwa kuwa jenereta huchukua muda kuwaka na mfupa ulio wazi haupaswi kungoja gizani. Hii ni sababu mojawapo inayonifanya nizipende skrubu za kuzungushwa kwa mkono: zikishaanza kazi, hazihitaji umeme wowote zaidi ya taa.

Mpe mgonjwa amoksisilini gramu 2 saa moja kabla, na asiyepatana na penisilini apewe mbadala. Asukutue kwa klorheksidini ya asilimia 0.2 kwa dakika moja. Ganzi ya kuchoma pembeni, mdomoni na kaakaani, inatosha. Ukitumia lignokaini ya asilimia 2 yenye adrenalini, kila katriji ya mililita 1.8 ina miligramu 36, na kikomo ni miligramu 7 kwa kila kilo ya mgonjwa. Hesabu kwa miligramu na umwambie msaidizi aandike, maana upasuaji ukirefuka mkono huongeza sindano bila kukumbuka zilizotangulia.

Kata ufizi kwenye kilele cha ukingo, ukiegemea kidogo upande wa kaakaa. Hapa pana jambo ambalo sitalipita haraka. Ukuta wa mdomoni ukishatenganishwa na mwenzake, hubaki ukilishwa na utando unaoufunika kwa nje. Ukiubandua utando huo wote, umeuacha ukuta bila damu, na ukuta usio na damu huliwa na mwili ndani ya miezi michache hata kama upanuzi wenyewe ulikwenda vizuri. Kwa hiyo funua kilele tu, kiasi cha kuona unachofanya, na upande wa mdomoni uinue nyama kwa kuichana nusu ya unene wake, ukiuacha utando umeshikamana na mfupa. Ni kazi ngumu kuliko kubandua yote, na ndiyo inayolinda matokeo.

Kilele kikiwa chembamba na chenye makali, kisawazishe kidogo. Weka alama kwa drili ya ncha, ukiegemea kaakaani. Kisha toboa kwa drili ya milimita 1.5 au 2 hadi urefu kamili wa kipandikizi, ukimwagia maji baridi ya chumvi yaliyo tasa muda wote. Mfupa unaopashwa moto hadi nyuzi 47 kwa dakika moja huumia, na drili butu hufikia hapo upesi kuliko unavyodhani. Piga picha ndogo ukiwa umeweka pini ya mwelekeo ndani ya tundu. Marekebisho ya mwelekeo hufanywa sasa, kwani skrubu za kupanulia hufuata tundu la kwanza. Kumbuka pia kwamba ukuta wa kaakaani ni mgumu na ule wa mdomoni ni laini, kwa hiyo kila chombo utakachoingiza kitasukumwa kuelekea mdomoni. Uzuie kwa mkono thabiti tangu mwanzo, la sivyo jino litatoka likiwa limebetuka mbele.

Ikiwa upana ni karibu milimita 3, au meno mawili jirani yanakosekana, pasua kilele kwanza. Tumia msumeno mwembamba wa piezo, au patasi nyembamba inayogongwa taratibu, ukichora mstari katikati ya ukingo na kusimama angalau milimita 1.5 kabla ya kila jino jirani. Ufa uingie kina cha milimita 7 au 8 na uache sehemu ya juu bila kuguswa, kwa sababu kipandikizi kitajishika kwenye mfupa huo mzima ulio zaidi ya ufa.

Sasa skrubu. Ngazi kati ya moja na inayofuata huwa takriban nusu milimita au pungufu, kulingana na mtengenezaji. Chukua ndogo kabisa, iingize tunduni na uizungushe kwa vidole hadi ikaze. Weka kidole cha shahada cha mkono wa kushoto juu ya ufizi, upande wa mdomoni, na kisitoke hapo mpaka kazi iishe. Funga kishikio, zungusha robo mzunguko, simama. Hesabu sekunde 30. Robo nyingine, simama. Utahisi ugumu wa robo uliyoizungusha ukipungua ukiwa umesimama: hapo mfupa unalegea. Ugumu usipopungua, ongeza muda hadi dakika moja. Ukiwa bado haupungui, irudishe skrubu nyuma mizunguko miwili, acha damu ijae tunduni, uanze tena. Skrubu ikifika mwisho wa urefu, iache ikae humo kwa dakika moja nzima kabla ya kuitoa na kuchukua inayofuata. Tundu moja likipanuliwa hivi huchukua dakika 15 au 20, na msaidizi mwenye saa ni bora kuliko kuhesabu kichwani.

Osteotomu za kugongwa bado zina nafasi yake, hasa chini ya sinasi, ambako hutumika kuinua sakafu yake kidogo. Ukizitumia, shikilia vizuri kichwa na shingo ya mgonjwa, gonga kwa wepesi, na mwonye kwamba anaweza kupata kizunguzungu anapogeuka kitandani siku zinazofuata. Hutokana na vijiwe vidogo vya sikio la ndani kuhama kwa sababu ya mtikisiko, na hutibiwa kwa kumgeuza kichwa kwa utaratibu maalumu wa Epley. Asipoonywa atadhani amepatwa na ugonjwa wa ubongo.

Skrubu ya mwisho iwe ndogo kidogo kuliko kipandikizi, ili kipandikizi chenyewe kimalizie upanuzi. Chagua chenye umbo la kuchongoka. Kiingize polepole, kwa mkono au kwa mizunguko isiyozidi 25 kwa dakika, ukipumzika kama ulivyofanya kwa skrubu, hadi kikae milimita 1 ndani ya kilele. Nguvu ya kukaza ya niutoni-sentimita 35 ni nzuri. Ikipanda kupita 45, rudisha nyuma. Ukuta mwembamba hauhitaji sifa ya kipandikizi kilichokaza kupita kiasi.

Pengo linalobaki kati ya kuta mbili lijazwe chembe za mfupa, funika kwa utando wa kolajeni, na ushone bila kuvuta ufizi. Ukivuta, uzi utakata nyama siku ya nne. Kwenye mfupa uliopanuliwa mimi hukifunika kipandikizi kabisa chini ya ufizi, hata kama kimekaza vizuri.

Ukuta ukipasuka

Somo hili nililipata kwa gharama ya mgonjwa wangu. Alikuwa mama mfanyabiashara, aliyepungukiwa gego dogo la juu, na upana wake ulikuwa milimita 4. Umeme ulikatika katikati ya kazi, tukapoteza kama dakika 10, na umeme uliporudi nikataka kuzifidia. Skrubu ya tatu nikaizungusha nusu mzunguko bila kusimama. Kidole changu cha kushoto kilihisi mtikisiko mdogo kabla sikio halijasikia sauti, kama kijiti kikavu cha muhogo kinapovunjwa. Nilipotazama, ufa ulikuwa umeshuka wima kwenye ukuta wa mdomoni na kipande cha upana wa kucha kikawa kinacheza.

Jambo la kwanza ni kusimama na kuacha kila kitu mahali pake. La pili ni kutazama kama kipande bado kimeshikwa na utando wa nje. Kikiwa kimeshikwa, na kipandikizi kinaweza kujikaza kwenye mfupa mzima wa juu, endelea kwa tahadhari, jaza chembe za mfupa, funika kwa utando na umruhusu apone kwa muda mrefu zaidi. Kikiwa kimebanduka, au kipandikizi hakikazi, usiweke kipandikizi siku hiyo. Kwa yule mama kipande kilikuwa kimeshikwa, lakini skrubu ilikuwa inacheza tunduni, kwa hiyo nilijaza, nikafunika, nikashona, nikamweleza waziwazi kilichotokea, na nikaweka kipandikizi miezi 6 baadaye bila malipo ya ziada.

Anayetaka kuizoeza mikono yake asianzie kwa mgonjwa. Ubavu wa ndama, unaopatikana kwa muuza nyama yeyote, una maganda mawili membamba na sponji katikati. Ubane kwenye jiliwa la fundi, uupasue, upanue, na mara moja upasue kwa makusudi ili kidole kiijue dalili. Mifano 10 ya namna hiyo, kisha kazi chache ukisimamiwa na aliyezoea, ndiyo njia ninayomwelekeza kila anayeniuliza.

Baada ya upasuaji

Mgonjwa asipande bodaboda siku hiyo. Vumbi na mitikisiko havimfai mwenye jeraha mdomoni. Aweke barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 20 kwa vipindi, siku ya kwanza. Asipenge kamasi kwa nguvu ikiwa umefika karibu na sinasi. Chakula kiwe laini: matooke yaliyopondwa na mchuzi wa karanga, uji wa ulezi, mayai, samaki asiye na miiba. Mahindi ya kuchoma, muchomo (nyama choma) na njugu vingoje. Asukutue klorheksidini mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, na nyuzi zitolewe siku ya 10 hadi ya 14. Aliye na meno bandia ya kuvaa na kuvua asiyavae wiki mbili za kwanza, na akiyarudia yakwanguliwe ndani yasiuguse ukingo, kwani jino bandia linaloubana ufizi huweza kuharibu kazi yote bila mgonjwa kuhisi maumivu.

Miezi 6 ikitimia, funua kipandikizi na upime tena upana, milimita 3 kutoka kilele, mahali palepale ulipopima mwanzo. Ikiwa mfupa wa mdomoni umepungua chini ya milimita 1.5 lakini kipandikizi ni imara, ongeza unene wa ufizi kwa nyama ya kaakaani kabla ya kuendelea. Kisha funga taji la muda la plastiki, lisilogusana kwa nguvu na meno ya chini, likae wiki 8 ili mfupa huu mchanga uzoee mzigo kidogo kidogo. Taji la kudumu lifuate, pamoja na picha ya eksirei siku ya kulifunga na nyingine baada ya mwaka, zote ziwekwe kwenye faili lile lile lenye vipimo vya siku ya kwanza.